Kanda za Jumamosi

Jumapili, 2 Juni 1974

Luul amefika na rekoda! Alishuka kwenye lori la duka la baba yake, mzee Gulled, rekoda kaipakata kama mtoto mgonjwa. Ni mwalimu mjini Kisii, na katika Chama cha Vyombo vya Masomo cha huko ndiye peke yake anayeiendesha ile mashine bila kanda kukwama.

Tulibanana kwenye madawati ya watoto, sisi wote wa Chama cha Wasomaji wa Redio, Gesima. Somo la hesabu la Chuo Kikuu hutangazwa Jumamosi saa kumi. Na sisi hapa karibu wote ni Wasabato – Jumamosi redio ya masomo haiguswi. Kwa hiyo Luul analinasa, kesho yake tunalisikia. Mwaka jana hapakuwa na Luul, nikaanguka hesabu. Mtihani unarudiwa mara moja tu. Novemba nikishindwa, Chuo basi tena. Nitakufa nikisahihisha madaftari ya darasa la pili.

Leo nimeelewa milinganyo ya kipeo cha pili. Nimeelewa kabisa!

Jumatano, 5 Juni

Ratemo, mwenyekiti wa Kisii, kaja na pikipiki yake, matope hadi kwenye tai. Habari mbili. Ya kwanza mbaya: rekoda ni ya kuazima, mwisho wa mwezi inarudishwa Nairobi. Ya pili: Chuo kitatoa nyingine, na mhadhiri kila mwezi, ila kwa chama kimoja tu kwa wilaya nzima, chenye watu wasiopungua arobaini. Kisii hawafiki. Sisi ndio kabisa. Basi tuungane, kura tarehe 23, shuleni Sironga.

Mzee Nehemiah, mwenyekiti wetu, akasema ni jambo jema, tuombee. Mimi katibu nilishapiga makofi kabla hajamaliza.

Jumapili, 9 Juni

Kutwa kubishania jina. Kisii wanataka neno “Vyombo” litangulie. Sisi “Wasomaji”. Upuuzi! Halafu siku ya mikutano. Luul akacheka: “Sisi Waislamu Ijumaa, nyinyi Jumamosi, Mwalimu Ratemo na misa yake Jumapili. Hiki chama kitakutana lini, jamani?” Hata Nehemiah alicheka, na yeye hucheka kwa nadra.

Jumamosi, 15 Juni

Jua limezama, sasa naweza kushika kalamu.

Baada ya ibada Nehemiah aliniita kando. Yeye pia ni mzee wa kanisa letu. Ananiuliza kwa upole, “Mwalimu Orpah, tukishaungana, Luul atakuwa mtu wa nani?” Nikasema, wa chama. “Chama cha nani?” Chetu. “Na saa kumi Jumamosi atakuwa anafanya kazi ya nani?”

Sasa hivi, anasema, yule ni jirani anayetusaidia kwa hiari yake. Hatukumtuma. Lakini kesho akiwa mwanachama wetu, na mashine ni yetu, basi ni sisi tunaofanya kazi siku ya Sabato kwa mikono yake. Amri haimruhusu hata mgeni aliye kwako. Hatasaini. Na mimi nikisaini, atalipeleka jina langu mbele ya baraza la kanisa.

Nimekasirika! Nimekasirika kwa sababu sioni alipokosea.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemfuata Nehemiah shambani, akichuma chai. Nilikwenda kugombana. Nikashindwa, maana na yeye alianguka hesabu pamoja nami, na yeye hana nafasi nyingine. “Unafikiri mimi sitaki, mwanangu?” Kikapu mgongoni, mvi kichwani, bado anataka digrii. Anasema njia ni moja: anayenasa awe mtu wa nje. Nikamwambia mtu wa nje anayeijua ile mashine hayupo. Akaendelea kuchuma.

Alhamisi, 20 Juni

Niliomba ruhusa shuleni nikaenda Kisii. Nilimkuta Luul dukani kwa baba yake. Nikamweleza yote, huku nimekodoa macho kwenye magunia ya mchele.

Kwanza alicheka. Halafu akapanga upya sabuni zilizokuwa zimeshapangwa.

“Basi nitoke,” akasema. “Nikiwa nje, narudi kuwa jirani. Si ndiyo, dada Orpah?”

Nikamwambia mhadhiri ni wa wanachama tu. Na yeye Novemba ana mtihani ule ule! Akasema analijua hilo. Akaniagizia chai.

Niliinywa. Ilikuwa tamu, na sikumwambia asitoke.

Ijumaa, 21 Juni

Sabato inaingia. Sina la kuandika. Yaani ninalo, ila jua limenisaidia.

Jumapili, 23 Juni

Sironga. Naandika hapahapa mkutanoni. Wanadhani nachukua kumbukumbu.

Hoja ya Ratemo: vyama viungane, na Luul aondoke kwenye orodha ya wanachama, kwa ombi lake mwenyewe. Kila upande upige kura yake. Nehemiah amesema hivyo atasaini. Hoja ikianguka, hakuna muungano, na rekoda inaondoka wiki ijayo.

Kisii wamepiga kwanza. Wengi wao wameinua mkono huku wakitazama chini. Luul ameinua wake pia, juu kuliko wote, kama mwanafunzi anayejua jibu. Imepita kwao.

Sasa ni sisi. Ratemo anahesabu kwa kidole. Wanaokubali? Nane. Wa Nehemiah umo, na mkono wake haujanyooka sawasawa. Wanaokataa? Nane! Mama mmoja wa Gesima kasema kwa sauti kwamba kama bei ya hesabu ni Luul, yeye heri aanguke. Hakuna aliyemnyamazisha.

Kumi na sita. Sisi ni kumi na saba.

Ratemo anauliza nani bado. Wameanza kugeuka. Luul yuko benchi la mbele, na yeye amegeuka. Anatabasamu, ananifanyia ishara kwa kidevu: inua, dada, inua.

Nikiinua, Novemba nakaa kwenye chumba cha mtihani nikijua kila kitu, na Luul aliyenifundisha atakuwa amesoma peke yake. Nisipoinua, ni nane kwa nane, hoja imekufa, na Novemba tunaanguka wote, na yeye pia.

Nehemiah ameinamisha kichwa. Nafikiri anaomba. Sijui anaomba nini.

“Katibu,” anasema Ratemo. “Mwalimu Orpah, tunakungoja wewe.”

Nimemwonyesha kalamu, kwamba namalizia sentensi. Kumbukumbu nilishazimaliza zamani. Naandika tu ili huu mkono uwe na kazi. Ameniita tena, na bado naandika