Tepe ya Tatu ya Sajini Hoza

Jumatatu, 3 Septemba 1979

Mashati ya shule, vifungo tangu asubuhi. Cherehani inaruka nyuzi tena. Mafuta yake hakuna dukani, nimepaka ya nyonyo.

Saa nne akaja Hoza. Shati la jeshi limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Anataka tepe ya tatu kwenye mkono. Alirudi vitani na tepe mbili za koplo. Barua ya usajini, anasema, iko njiani. Barua gani hiyo inayotembea kwa miguu kutoka Kagera? Lakini kijiji kizima kishamwita Sajini, na yeye anaitika.

Nimeishona. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama mlangoni, na cherehani ni ya kijiji, si yangu. Nikamshonea mtu aliyeniambia kwamba mdogo wangu Ali ni mtoro wa vita. Nimekereka na mikono yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Septemba

Mama hajala tena.

Ali na Hoza waliondoka pamoja, lori moja, mgambo wa kijiji kimoja. Wakati wa Idd Hoza akarudi peke yake. Anasema Ali alitupa bunduki, akavuka upande wa pili, sasa anaishi na mwanamke huko Uganda. Jeshi halijatuandikia lolote. Basi neno la Hoza ndilo neno. Mtoro hawekewi matanga. Hakuna aliyekuja kutupa pole, hakuna aliyetuletea hata kibaba cha unga. Wanatusalimia haraka, wanapita.

Mama anajua mwanawe amekufa. Anasema amejua tangu mwezi wa nne. Anachotaka ni kimoja: watu waje, khitma isomwe, Ali aliliwe kama mtu.

Leo amepita mtani wetu Masanja, Mnyamwezi wa mashamba ya mkonge kule Korogwe. Ndiye aliyemzika baba kiutani: alivaa koti la marehemu, akatembea mwendo wake, akatutukana mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Ali naye ana mwendo wake, bega moja mbele kama anasukuma mlango. Masanja anaujua. Alisimama uani akasema, "Watumwa wangu nyie, kazi yangu mnaichelewesha." Kisha akageuka, akajifanya anaangalia kuku. Aliondoka bila kuaga, na si kawaida yake.

Jumapili, 9 Septemba

Nimeanza kukusanya maneno ya Hoza. Kwa wazee wa msikiti Ali alitoroka kabla ya kuvuka mto Kagera. Kwenye pombe za jirani zetu alitoroka baada ya mto. Handeni mjini, kama binamu yetu alivyomsikia, ilikuwa usiku. Hapa dukani ilikuwa mchana kweupe. Njia ya mwongo ni fupi, ila huyu anaizungusha kijiji kizima.

Nataka aumbuke. Si kuonywa pembeni na wazee. Aumbuke mbele ya watu wale wale.

Jumatano, 12 Septemba

Watu wa sinema wamekuja kutoka Dar es Salaam. Wanne na lori. Mkubwa wao tumemwita Bwana Picha. Wanatengeneza filamu ya mapenzi na vita: askari shujaa, mchumba anayemngoja. Mwenyekiti akamsukuma Hoza mbele kabla chai haijapoa. Ataigiza mwenyewe, habari zake mwenyewe.

Mchumba atakuwa Zaina. Hoza ndiye aliyemchagua. Zaina alikuwa mchumba wa Ali, na posa ya Hoza iko kwa mjomba wake tangu wiki jana. Jioni Zaina alikuja kupimwa gauni la sinema. "Wifi," ananiita bado. Alilia wakati nimeshika futi kiunoni kwake. Nilimwambia anyooke, vipimo vitakosewa.

Jumamosi, 15 Septemba

Kichekesho cha mwaka. Bwana Picha anasema Uganda ni migomba, na huku kwetu ni mahindi yaliyokauka. Lori likaenda Vugiri, kule milimani, likarudi na migomba iliyokatwa. Wanaume wa zamu ya shamba la ujamaa wameichomeka ardhini siku nzima. Hiyo ndiyo Uganda. Mbuzi wamekula robo ya Uganda kabla ya adhuhuri.

Hoza anatembea katikati yake na fimbo ya mkwaju chini ya kwapa. Kaniletea kioo mara tatu nimwangalizie kola. Ametaka suruali ibanwe zaidi. Nikaibana.

Jumatatu, 17 Septemba

Leo ndiyo nimefanya nililofanya. Niliandike kama lilivyo.

Nilikuwa nashikiza vifungo karibu na mashine yao ya picha. Mashine hiyo haichukui sauti. Maneno yatasomwa baadaye na mtu wa kipaza sauti. Bwana Picha ana mtu wa baruti kutoka machimbo ya kokoto, na alitaka mlipuko mdogo nyuma ya migomba. Hoza akakataa. Akasema yeye kaizoea milipuko, ila wanawake watashtuka. Nikamtazama mkono. Fimbo ilikuwa inacheza.

Alipoondoka nikamfuata Bwana Picha. Nikamwambia, "Sajini anaona haya tu mbele yetu. Huyo, baruti ndiyo maziwa yake. Mlipueni bila kumwambia, mpate uso wa vita wa kweli." Akafurahi. Akanishukuru.

Sikutaka ukweli wowote. Nilitaka aruke, suruali ipasuke, watu wacheke. Basi. Nimelala mchana kidogo nikaamka na furaha ambayo sijaipata tangu Idd.

Jumanne, 18 Septemba

Kijiji kizima kilikuwa shambani. Hoza katikati ya migomba na bunduki ya mti. Katika filamu anamwota mchumba wake vitani, na Zaina anatokea kwenye majani na kanga mpya, anamshika mkono. Walikuwa wameshikana.

Baruti ikalipuka. Hata mimi niliyejua nikapiga kelele.

Hoza hakuruka. Alimsukuma Zaina, akaikanyaga kanga yake, akaingia kwenye mtaro wa maji kifudifudi. Nikaanza kucheka. Nikaona wengine wanacheka. Ndipo akainuka nusu, macho hayatuoni, akaanza kupaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Ali! Ali, usirudi! Waache hao! Ali, watakuua!"

Tena na tena. Alikuwa ananyoosha mkono kuelekea mbali, kama mtu anayemshika mtu shati likamponyoka.

Kicheko kilikauka. Mama alikuwa ametoka kisimani, ndoo kichwani. Hakuiangusha. Aliitua taratibu, akakaa chini kando ya hiyo ndoo.

Ijumaa, 21 Septemba

Nilidhani yamekwisha. Wapi!

Hoza alilala siku mbili kwake, ya tatu akatoka na shati limepigwa pasi. Anasema ilikuwa uigizaji. Sehemu ya hadithi. Bwana Picha anaapa hajawahi kuona mwigizaji kama huyo, kapakia mashine zake kaondoka akicheka. Nilikwenda na mama kwa Mwenyekiti kuomba ruhusa ya kusoma khitma. Mwenyekiti kasema, "Mama, tukisoma khitma tunamwita Sajini mwongo, na sinema ya kijiji imeharibika. Subirini sinema ije. Taifa zima litaona."

Taifa! Tangu lini maiti ya mtu ikasubiri sinema?

Watu walisikia kwa masikio yao. Sasa kila mmoja anamtazama mwenzake nani aanze kusema. Mnafiki mmoja kaniambia, labda ni Ali mwingine. Nimeondoka na mkasi mkononi, Mungu aliniokoa.

Zaina kamwambia mjomba wake kwamba hataki. Mjomba naye kasema tusubiri sinema.

Jumapili, 2 Desemba

Sinema haijaja. Tunalima. Hoza hulima amevaa shati lile lile. Akikohoa mtu nyuma yake anageuka haraka. Nimegundua hilo na nimekuwa nakohoa.

Mama amekonda. Amekunja shuka la Ali akaliweka chini ya mto wake, halali bila hilo. Nikimwona nalowa hasira kama nguo. Ningeweza kumpasulia Hoza kila mshono, nikamwacha uchi katika mkutano wa kijiji, na bado nisingetosheka.

Jumamosi, 19 Januari 1980

Imekuja.

Gari la sinema lilifika saa kumi, wakafunga shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala. Watu walitoka Kwaluguru na vijiji vingine vya jirani, wengine na vigoda vyao. Masanja alikuja kutoka Korogwe. Nilimpelekea habari mimi. Baada ya magharibi wakaanza. Hoza mbele kabisa, kwenye kiti cha Mwenyekiti, tepe zote tatu.

Mwanzo watu walishangilia. Stesheni ya Korogwe, treni, Hoza anapunga mkono. Zaina na barua. Mtu wa kipaza sauti anasoma karatasi yake kwa sauti ya redio. Kisha migomba. Mtu mmoja akasema, "Mbuzi wa nani yule?" Tukacheka.

Kisha moshi. Hoza yumo mtaroni. Wamesogeza picha karibu mpaka mdomo wake ni mkubwa kuliko mlango. Unafumbuka, unafumba. Kimya. Mtu wa kipaza sauti akasoma: "Hapa Sajini anawaamuru vijana wake wasonge mbele."

Mama akasimama.

Hakupiga kelele. Alisema pole pole, akiufuata ule mdomo: "Ali, usirudi. Waache hao. Ali, watakuua."

Zaina akasema naye. Nikasema mimi. Sijui nani alifuata. Mara wanawake wote, mara na wazee wa msikiti, kijiji kizima kinamsomea Hoza maneno yake kwenye uso wake mwenyewe. Wa kipaza sauti akanyamaza, karatasi mkononi.

Hoza akainuka. Kivuli chake kilifunika picha. Nilikuwa nimeingoja saa hii miezi minne, na nilimtazama nisipoteze hata kidogo. Nilifurahi. Siwezi kuandika vingine.

Akamwambia mama, "Alirudi, mama. Majeruhi wawili walikuwa wamebaki nyuma. Mimi nilikuwa shimoni. Alifika nao karibu kabisa na shimo langu." Kisha, "Nilimzika mimi, kesho yake mchana. Niliona haya kusema nilikuwa wapi."

Mama akamwuliza kitu kimoja tu: alimlaza upande gani. Akasema, wa kibla. Mama akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyempiga. Watu walimpisha njia, akapita.

Ijumaa, 25 Januari

Matanga. Uwanja umejaa tangu asubuhi, unga unaletwa mpaka hatuna pa kuuweka. Waliokuwa wanapita haraka leo wamekaa siku nzima. Nimewapokea. Sijawasahau.

Zaina amekaa jikoni na sisi, ana masizi mpaka kwenye nyusi.

Khitma ilipokwisha, Masanja alitokea nyuma ya nyumba amevaa kofia ya Ali na shuka lake, lile la chini ya mto. Bega moja mbele. Akausukuma mlango usiokuwepo, akapita katikati ya wanawake, akauliza huyu mtumwa wake alikufa kwa ruhusa ya nani, na nani sasa atamchotea maji. Alikuwa Ali kabisa. Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akalia, kwa sauti, mbele za watu, mara ya kwanza.

Jumanne, 29 Januari

Mvua. Sketi tatu za shule, na zipu ya mke wa Mwenyekiti.

Mchana amekuja Hoza. Shati kalikunja, halina pasi. Aliliweka mezani akasema nimtolee tepe. Nikachukua wembe, nikaifumua ile ya tatu, uzi mmoja mmoja. Nilipomrudishia akasema, "Na hizo mbili pia, dada fundi."

Nikamwambia hizo sikuzishona mimi.

Akalichukua shati, akaondoka kwenye mvua. Sikumsamehe, na hakuniomba. Nimeitia ile tepe kwenye kopo la vitambaa. Pale mkononi ilipokuwa yamebaki matundu ya sindano, safu mbili zilizonyooka. Nilishona vizuri siku ile. Yataonekana mpaka shati lichakae.