Siki Ndani ya Kisanduku cha Bahari

Muheto, Masisi
Tarehe 9 Novemba 2021

Mpendwa mudogo wangu Isidore,

Amani ya Bwana ikufikie huko Ubelgiji. Uko aje? Kifua kimepona? Baridi inakuhurumia kidogo? Sisi tuko, Mungu anatushika. Maharagi yametoa maua, na asubuhi ukungu unalala mu bonde mpaka jua linapanda.

Sauti yako ilifika kwa simu ya muume wangu Hubert, tukaisikiliza na Mama tena na tena. Ile aquarium, kisanduku cha kioo cha samaki wa maji ya chumvi, kwenye nyumba ya wazee unakofanya usafi, imetuingia mu kichwa. Nikipalilia nasimama tu, naona samaki wa manjano wanapita kati ya maharagi, pole pole, na mimi nawafuata na macho. Hubert ananicheka, anasema shamba litaliwa na majani. Acha acheke.

Lakini umenitia woga. Umesema directrice, mukubwa wa ile nyumba, alikuambia samaki wakikufa, kazi imekwisha, na bila kazi makaratasi yako ya kukaa huko hayatatoka. Halafu unasema siku ya posho, hii Jumamosi, utasugua ile chumvi iliyoganda kwenye kioo na siki, na utaacha siki kidogo ndani ya kioo, chini, eti uchachu ni dawa. Weye! Ile haiko ndoo ya muhogo. Muhogo njo tunauachia maji ya zamani yenye uchachu, ulainike mbio. Samaki unataka walainike ili uwatwange?

Nimemuuliza shemeji Astrid, yule anafundisha biolojia. Anasema zima umeme kwanza. Samaki na mawe yao waingie mu ndoo safi, mu maji yao wenyewe, na pompe ya hewa iwafuate, uiwashe tena humo. Siki isiwaguse. Kioo kikiwa kitupu, na maji mengine umeyatunza mu ndoo zingine, changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha ile chumvi, ngoja ilegee, sugua na kitambaa. Sabuni hapana. Kisha suuza, suuza tena, mpaka pua isisikie kitu. Maji yao ya zamani uyarudishe, na yale yaliyopungua ujazie maji mapya yenye chumvi ileile ya bahari, ndipo samaki warudi na umeme uwake. Nakuomba, usifanye haraka.

Reseau ya simu imekatika huku, njo maana naandika kwa mukono. Hubert anapeleka maharagi ya mavuno yaliyopita soko ya Kashebere kesho. Akipata reseau njiani atapiga hii karatasi picha na kukutumia, ikufikie mbele ya posho.

Astrid anakusalimia, na Jean-Luc wake, na mutoto wao Igiraneza aliyeota meno mawili. Mama pia. Jana alinishika mukono, akauliza kama kweli hao samaki ni wa bahari. Nikasema ndiyo. Akauliza nani anawatilia chumvi. Nikasema ni Isidore wake. Akasema:

"Na yeye kule, nani anamutilia chumvi?"

Hilo ni lako, mudogo wangu. Umutumie sauti yako, umujibu wewe.

Mungu akulinde mu ile nchi ya baridi, akupe na watu wa kucheka nao.

Ni mimi dada yako, nakupenda sana,
Marie Umugwaneza