Mkate wa Mama Mkubwa

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Ile ibada ya leo, ya makanisa ya dunia nzima kushiriki meza moja, si nilipewa mimi kuipanga? Nikapanga kila mtu ammegee jirani yake mkate, amwambie "amani ya Kristo". Nikamkalisha mama karibu na mama mkubwa. Kwa makusudi. Tangu mazishi ya bibi, miaka sita, hawajasemezana. Nikajua leo watapatana.

Tukaombea nchi zenye vita, moja moja. Mama akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Mama mkubwa akamega, akamgeukia. "Amani ya Kristo, mdogo wangu."

Mama akasema, "Nimeshiba."

Nimeshiba. Mbele ya Meza ya Bwana, kama mtu aliyekaribishwa chai.

Mama mkubwa akabaki na kile kipande, safu nzima inamsubiri. Mwishowe akakila mwenyewe, akachukua mkoba, akatoka kabla ya baraka. Nikamkimbilia hadi getini. Akaniambia, "Usijilaumu, mwanangu. Ulipanga vizuri." Hapo ndipo aliponimaliza.

Tumefika nyumbani, mama amekaa kitandani na viatu vyake, hata kitambaa cha kichwa hajavua. Nikajua sasa ataniwakia. Akaniuliza taratibu tu:

"Mkono wake umeanza kutetemeka lini?"

Nyumba hii nzima hakuna anayejua.