Mirunda Isitolewe

Alhamisi, 26 Juni 2025
Zege limemwagwa! Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa. Vihisi vyangu sita vimelala ndani ya daraja, nyaya zimetokeza pembeni kama ndevu za kambale. Kila saa vinanitumia joto la zege kwenye simu, nami nakokotoa limeshapata nguvu kiasi gani. Miaka mitatu ya utafiti wangu wa udaktari — imezikwa humo! Mzee Methodi, fundi mkuu wa mbao, ananiita Daktari wa Zege. Leo kaniuliza mgonjwa atapona? Mafundi walicheka mpaka wakatua ndoo. Na mimi nilicheka.

Jumatatu, 30 Juni
Baridi! Sisi wa Lituhi, watu wa ziwani, hatukuumbwa kwa Mbinga ya mwezi wa sita. Alfajiri zege lilikuwa nyuzi kumi na moja, na zege likipata baridi linakomaa polepole. Nimemwambia Injinia Meshack, msimamizi wa kazi. Yeye kajenga Dar na Mtwara maisha yake yote. Kumbe zege nalo ni la Lituhi, akasema, linaogopa baridi? Mafundi wakacheka tena. Safari hii mimi sikucheka.

Jumamosi, 5 Julai
Ijumaa kuna ugeni wa kuja kuona daraja. Kwa hiyo Injinia anataka mirunda — miti yote inayolibeba kutoka chini — itolewe Jumanne. Siku ya kumi na mbili! Mchoro unasema ishirini na moja. Eti vipande vya majaribio vya zege hilo hilo vimepasuliwa maabara na vimefaulu. Vimefaulu, ndiyo. Vililala stoo, kwenye pipa la maji, dirisha limefungwa! Daraja limelala nje kwenye baridi. Namba yangu ni asilimia sitini na moja ya nguvu kamili, inatakiwa themanini. Nilimwonyesha kwenye simu. Hakuishika. Akasema mimi ni mtafiti, kazi yangu kuangalia. Niangalie, basi.

Jumapili, 6 Julai
Baada ya misa nimempigia Profesa anayesimamia tasnifu yangu. Kaongea kwa upole kabisa. Kibali changu ni cha kuchunguza. Nikiingilia, takwimu zinaharibika na nafukuzwa saiti. Niandike kinachotokea.
Kinachotokea! Watu kumi na mmoja chini ya zege ambalo halijakomaa. Likianguka, tasnifu yangu itapata sura ya tano nzuri sana. Asante. Siitaki.
Mama Walburga, mwenye nyumba wangu, alisikia yote. Nilidhani atanitetea. Wapi! Kahawa yake inavuka mto kichwani mwake, huu mwaka wa tatu, na mimi mtu wa ziwani namwambia asubiri? Nikasema ni kuongeza siku tisa tu, mama. Jioni nimejipikia uji mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Ofisi za wilaya zimefungwa. Barua yangu ya kuomba kazi ya daraja isimamishwe imepokelewa na mlinzi.
Nimekokotoa upya mara nne. Labda nakosea? Labda. Vihisi viwili havipatani na vingine. Hata nikivifuata hivyo viwili, vyenye matumaini — sitini na nane. Bado! Nimeshinda na hofu hadi saa kumi. Halafu ikawa hasira. Afadhali hasira, inabebeka.

Jumanne, 8 Julai
Saa mbili asubuhi. Naandika nikiwa chini ya daraja. Nimekaa kwenye jiwe, mgongo wangu kwenye mrunda wa katikati. Mirunda ikiwepo, hapa ni salama kuliko kanisani. Wakitaka kuitoa, wanitoe mimi kwanza.
Injinia kafoka kutoka ukingoni: toka huko, kuanzia leo huna kibali! Nikamjibu sitoki. Akaamuru mafundi waje wanibebe. Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyenitazama pia.

Saa tatu. Mzee Methodi kashuka na nyundo yake. Nikasema shikamoo. Marahaba. Halafu:
"Namba yako leo ngapi?"
"Sitini na nne, mzee."
"Na ya Injinia?"
"Vipande vyake vimefika tisini."
Akaziangalia mbao juu yetu.
"Tukigonga, Injinia atasimama wapi?"
"Ukingoni."
"Na wewe?"
"Hapa hapa."
Akaweka nyundo chini, akakaa. Akasema kwenye hicho kidaftari changu nimwandike na yeye. Kwa jina. Basi: Methodi, fundi mbao, amekataa.

Saa tatu na nusu. Elias, amekataa. Edmund, amekataa. Bernadi hataki aandikwe, ana watoto watano, lakini amekaa. Wengine bado wako juu. Mama Walburga amefika ukingoni na ndoo yake ya kahawa, amesimama na Injinia. Sisikii wanasema nini.

Sasa Injinia anashuka mwenyewe! Viatu vyake vya ofisini vinateleza kwenye tope. Ameupita mrunda wa kwanza. Wa pili. Amesimama mbele yangu, anahema, nyundo ya Methodi ameiokota. Sijasimama. Naandika.
Amenyanyua macho kwenye zege lililo juu yetu. Tangu nimjue ndiyo mara ya kwanza anaangalia juu kutoka huku chini.
Nyundo bado anayo.