Picha Nambari Kumi na Tano

Walukuba, Jinja
14 Julai 2024

Mpendwa binamu Magidu,

Asalaam aleikum. Vipi baridi ya Nairobi, na kile kifua chako je? Sisi wazima, ila moyo wangu hautulii. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Unajua pale hifadhi ya picha za kale ninapofanya kazi tumeanza kuuza mtandaoni: kadi, kalenda, hata picha halisi zisizo na majina. Kuchagua ni kazi yangu. Nikachagua kijana wa jando, Mbale 1978, unga usoni, shanga kifuani, wanaume wawili wamemshika mikono. Mimi Msoga, nikaona upendo. Kadi zikanunuliwa sana, nami nikavimba kichwa.

Magidu, kijana yule ni baba yako.

Kadi moja imefika kwenu Busiu. Wewe unajua, kwa Wagisu kijana hutahiriwa amesimama bila kushikwa, kwa hiyo Mgisu akiiona haulizi: huyu alishikwa kwa sababu alikiogopa kisu. Vijana wa boda wakimwona wanapiga kelele, "Mushike, asikimbie!" Wazee wamemtoa katika kuwaandaa vijana watakaotahiriwa Agosti. Sasa hatoki, hata Ijumaa. Kadi nimeziondoa, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Naona aibu, ndugu yangu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Shangazi, mama yako, alinieleza kwamba siku ile mzee alikuwa na malaria. Walimshika njiani tu. Uwanjani wakamwachia, akasimama mwenyewe mpaka mwisho. Baba yako hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na ile nimesimama, iko wapi?"

Nikapekua sanduku zima. Ya kadi ni nambari kumi na nne. Kumi na tano haipo. Daftari linasema: "Kijana yuleyule, amesimama peke yake, fimbo mabegani." Niliiuza mwenyewe mwezi wa tatu, kwa bwana mmoja Norman wa South C, hukohuko Nairobi. Na picha halisi ikishauzwa tunaifuta hata mtandaoni, ili mnunuzi ajue anayo peke yake. Mjinga mimi, nilijisifia utaratibu huo.

Nimemwandikia mara sita, kimya. Anwani nimeiweka ndani ya bahasha. Nenda ukabishe hodi, kwa adabu, maana alinunua kihalali. Hatutaki aturudishie, akubali tu uipige picha kwa simu, ifike Busiu kabla ya Agosti.

Msalimie wifi Shakirah na watoto. Binti yangu Babirye anawasalimu, bado mtundu vilevile. Mungu akutangulie mpaka mlangoni kwa mtu huyo, na akukutanishe na baba yako akiwa amesimama.

Dada yako akupendaye, mwenye deni la heshima ya mzee,
Shamirah