Ile Dawa ya Asali Niliyompa Fundi

Shoga, uko? Nimetoka kwa yule fundi cherehani sasa hivi.

Unakumbuka ile dawa ya matone, ya asali na mshubiri, niliyompa macho yalipomvimba? Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu huu: ikiwasha, ujue inafanya kazi.

Wiki tatu, shoga. Wiki tatu anatia tu, asubuhi na jioni.

Leo nimeingia, hakuinua uso mpaka aliposikia sauti yangu. Akasema, "Bado inawasha, dada. Si ndiyo inafanya kazi?" Tena anatabasamu.

Nikamwambia twende hospitali. Akasema amalizie pindo kwanza, nimtungie uzi kwenye sindano.

Nikaipokea ile sindano. Uzi ulikuwemo tayari.