Namba Mbili za Papa Ramazani

Uvira, Jumatatu, saa za magharibi. Mvua imepiga mlimani tangu asubuhi, huku chini hatujapata hata tone. Upepo wa ziwa tu, na vumbi kwenye meno. Nimetoka kulia, nimecheka, nimelia tena, na sufuria ya maharagwe imeungua nikiwa pembeni yake.

Nianze na mashini, maana ndiyo iliyonianzishia siku.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: ninaitwa Riziki, ninakaa Kilibula, na kazi yangu ni kuangalia ordinateri, yaani kompyuta, za hospitali moja ndogo ya hapa mjini. Seva yetu iko moja, imezeeka, inakaa kwenye kachumba nyuma ya famasi. Ndani yake mna hifadhidata ya wagonjwa wote: nani amelazwa, nani anasubiri kipimo, mama gani anajifungua lini. Jumamosi tuliiongezea memwari, ile sehemu ambamo mashini inashikilia kazi wakati inaifanya. Nilifurahi kama mtoto wa sikukuu. Nikaiambia hifadhidata ijichukulie sehemu kubwa kuliko zamani, kwa kuwa sasa kipo cha kuchukua. Leo asubuhi nikaiwasha.

Ikakataa.

Kosa lenyewe nilikuwa ninalijua. Ndani ya hifadhidata kuna kazi nyingi zinazokwenda pamoja, na zote zinakula kwenye sinia moja, yaani eneo moja la memwari zinalogawana. Lakini ukubwa wa sinia hauamuliwi na walaji. Mfumo wa mashini una namba mbili zake. Ya kwanza inasema sinia moja liwe kubwa mpaka wapi. Ya pili inasema masinia yote ukiyajumlisha yasipite wapi. Zetu zilikuwa za zamani, za wakati mashini ilikuwa na memwari ya kuhurumiwa. Hifadhidata ikaomba sinia kubwa, mfumo ukasema hapana, basi.

Dawa yake ni mistari miwili kwenye faili moja. Ungeanza kunywa chai, ungekuta nimemaliza kabla haijapoa.

Sikugusa.

Cheka tu, hata mimi ningecheka. Namba zile aliziweka Papa Ramazani. Ndiye aliyeijenga seva hii, na ndiye aliyenijenga mimi. Ni mtoto wa wale Waislamu wafanyabiashara wa hapa ambao mababu zao walifika na biashara ya ziwa. Ndugu zake wote wako kwenye vitambaa na chumvi, yeye peke yake akapotelea kwenye mashini, na familia ilimnunia miaka. Ananiita mama, kwa sababu jina langu ni la mama yake mzazi. Siku ya kwanza kazini niliunguza kitu ambacho sitakitaja hapa, naye akasema tu, "Mama, leo umetupikia moshi." Halafu akakaa pembeni yangu mpaka nikajua nilikosea wapi.

Alipostaafu alituambia: vyote mubadilishe, lakini zile namba mbili musiguse bila kunipitia. Alikuwa na sababu. Namba ya kwanza inahesabiwa kwa baiti, ya pili kwa kurasa, na kila ukurasa ni furushi la maelfu ya baiti. "Moja iko punje, ingine iko magunia," alikuwa akisema. "Ukichanganya, watu watalala njaa." Aliniimbia hayo mpaka nikawa ninayasema usingizini.

Na kwetu, nyumba aliyoijenga mtu mzima huitoboi dirisha bila kumpitia, hata kama ni wewe unayelala ndani. Angekuwa marehemu, ningesoma dua na kubadilisha. Lakini yuko hai, yuko Kavimvira, mwendo wa pikipiki tu. Ningemtazama vipi siku ya kukutana?

Halafu, niseme ukweli, nilikuwa ninaogopa kwenda.

Kabla ya mvua za kwanza presha ilimuangusha. Mkono wa kulia umelala, mdomo umevutwa upande mmoja. Nilimwona hospitalini siku zile, akiwa hawezi kusema kitu. Tangu arudi nyumbani nimetuma salamu, nimetuma sukari, mwenyewe sijafika. Watu wanasema kichwa nacho kimekwenda. Nilitaka nisijue.

Nikamwendea daktari mkuu, nikamwambia mashini haitaamka mpaka nifike kwa mzee. Nilitegemea kufokewa. Manesi walikuwa wameanza kuandika kwenye makaratasi, na kila aliyepita mlangoni kwangu alinipiga jicho. Daktari akavua miwani, akasema, "Bon, nenda. Na umuangalie vizuri. Niko natafuta mutu wa kufundisha wale vijana wapya wawili wa mashini, asubuhi tu, akiwa amekaa. Nilimufikiria yeye. Uniambie kama kichwa iko."

Yaani natumwa kwenda kumpima baba yangu kama muhogo sokoni.

Mkono mtupu haulambwi, nikapitia unga wa uji na sukari, nikapanda pikipiki. Kavimvira ilikuwa Kavimvira: malori yamejipanga kuelekea mpaka, wabadilisha pesa wananiita dada, dada, kana kwamba uso wangu una faranga za Burundi. Njia nzima nilikuwa ninajiambia, ukimkuta hakufahamu, usilie mbele yake. Salimia, weka unga, omba ruhusa, toka.

Alinifahamu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti sebuleni, shati limepigwa pasi, kofia kichwani, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto. Kulikuwa na wageni watatu, shemeji yake na wazee wawili wa msikitini, waliokuja kumjulia hali. Mama Asha, mke wake, alikuwa anamwaga chai. Papa aliponiona, ule upande wa uso unaofanya kazi ukacheka wote.

"Huyu iko mama yangu," akawaambia wageni. Maneno yanatoka polepole, yanagongana kidogo, lakini yanatoka. "Mama, umenitupa."

Nikasema sijakutupa Papa, kazi ndiyo imenimeza. Uongo wa kwanza wa leo. Nikamweleza habari ya mashini: memwari mpya, hifadhidata imekataa, nimekuja kuomba ruhusa ya kubadilisha zile namba mbili. Niliomba ruhusa tu, jamani. Sikuomba namba. Namba nilikuwa nazo kichwani tangu asubuhi.

Lakini alinyoosha mkono wa kushoto, akawanyamazisha wazee. "Mungoje kidogo. Niko na kazi." Ungeona alivyolisema neno hilo, kazi. Akaniuliza memwari sasa ni kiasi gani, na hifadhidata nataka kuipa sehemu gani. Nikamwambia giga nane, na hifadhidata ipewe nusu. Akafumba macho. Midomo ikawa inatembea bila sauti, na Mama Asha alisimama na birika hewani.

"Andika ya kwanza," akasema. "Moja. Ziro. Nne. Nane. Tano. Saba. Sita."

Nikaandika kwenye simu, nikairudia kwa macho.

"Ya pili. Nne. Mbili. Tisa. Nne. Tisa. Sita. Saba. Mbili. Tisa. Sita."

Tarakimu zote zilikuwa sahihi. Hakukosea hata moja, mtu ambaye juzi hakuweza kutaja jina la mke wake. Ila alizigeuza: ya pili ameitaja kwanza. Magunia ameyaweka kwa punje, punje kwa magunia. Kwa namba ile ya kwanza, sinia lingetosha kulisha kuku mmoja tu. Lilelile aliloniimbia miaka yote, limempita yeye mwenyewe, na hakuona.

Wazee wakashangilia. Mashallah, mashallah. Shemeji akapiga goti lake, akasema, "Na wanasema kichwa imeenda! Wakuje hapa wasikie!" Mama Asha alikuwa anafuta macho kwa kitenge chake bila kujificha. Na Papa alikuwa ananiangalia mimi, anangoja.

Ungefanya nini wewe unayesoma?

Nilisema, "Aksanti Papa. Nimeandika."

Nilinywa chai yangu, nikaaga, na nyuma ya yule wa pikipiki nililia mpaka akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, endesha.

Hospitalini niliandika namba hizohizo alizonitajia, kila moja mahali pake. Nikauamuru mfumo uzisome upya, nikaiamsha hifadhidata, na ikaamka bila hata kukohoa. Mapokezi wakapiga vigelegele. Mashini ina kasi sasa, majina ya wagonjwa yanafunguka kabla hujaondoa kidole. Siku nyingine ningecheza. Daktari mkuu alipita mlangoni, akauliza, "Na muzee?" Nikasema nitakuambia kesho, kuna watu wananingoja. Hakukuwa na mtu ananingoja.

Nilirudi nyumbani kwa mguu ili nifikiri. Nikisema kichwa kipo, nitakuwa nimempeleka mbele ya vijana wawili wenye macho makali, na siku atakapogeuza namba mbele yao watamcheka korido nzima. Nikisema hakipo, nimemfungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe, huyu aliyenifungulia. Mungu nisamehe, nilikuwa nimeshachagua. Nilikuwa ninapanga maneno mazuri ya kumwambia daktari, kwamba mzee amechoka, tumwache apumzike.

Maharagwe yako jikoni, simu ikaita. Namba ya Mama Asha. Nikajua wamemrudisha hospitali.

Ilikuwa sauti yake Papa.

"Mama. Mashini iliamuka?"

"Iliamuka, Papa. Vizuri kabisa."

"Na zile namba zangu?"

"Na namba zako, Papa."

Nilisikia anavuta pumzi. Halafu:

"Unanidanganya. Kwa zile namba haiwezi amuka."

Nikakaa chini palepale, kwenye mfuko wa makaa.

Wageni walipotoka, anasema, roho yake haikutulia. Kuna kitu kilikuwa kinamkwaruza. Akamwomba Mama Asha chaki, akafanya hesabu upya kwa mkono wa kushoto, kwenye mlango wa chumba, kwa sababu ubao hawana. Herufi za kulala na kuanguka, anasema, lakini zilisomeka. Mpaka akaona. "Nilikupatia magunia fasi ya punje. Miye! Miye Ramazani!" Na akacheka, kile kicheko chake cha zamani, kimepinda kidogo sasa. Nyuma nilisikia Mama Asha analalamikia mlango wake.

Mimi nilishindwa kucheka. Nililia kwa sauti, na yeye akaningoja nimalize.

"Ulijua palepale?" akauliza.

"Nilijua, Papa."

"Ukanyamaza kwa sababu ya wageni."

"Ndiyo."

"Ulifanya muzuri. Aksanti." Kisha sauti ikashuka, na maneno yakaanza kuja moja moja, si kwa ugonjwa. "Lakini sikia, mama. Tangu nianguke, kila mutu ananiitikia. Nasema neno la ovyo, wanasema ndiyo Papa. Naita mutoto jina ya mwengine, wanasema ndiyo Papa. Mukono kulala si kitu. Hii ndiyo iko inaniua. Mbele ya watu, uninyamazie. Tukibaki wawili, weye usininyamazie. Weye hapana."

Nilisema ndiyo Papa, halafu nikasikia nilichokisema, naye akakisikia, na hapo ndipo tulipocheka wote wawili mpaka Mama Asha akachukua simu yake.

Nilidhani heshima ni kumfunika. Nikamfunika leo mpaka nikakaribia kumzika akiwa amevaa shati la pasi.

Nimemwandikia daktari mkuu ujumbe kabla ya kukaa hapa. Sikupamba. Nimemwambia: kichwa kipo, mwendo ni wa polepole, leo alikosea na akajisahihisha mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Wale wapya aanze nao mwezi ujao, na mwanzoni mimi nikae naye mezani. Amejibu kwa neno moja: "Sawa." Kwa mtu huyu, hiyo ni hotuba.

Nje upepo umetulia. Maharagwe nimeyamwaga, tutakula mkate. Kesho jioni nikitoka kazini nakwenda Kavimvira na ordinateri yangu, tupitie mipangilio yote ya seva, mstari kwa mstari, yeye akitaja na mimi nikiandika.

Akikosea, nitamwambia.